Gari Lisilopelekwa kwa Fundi

Magari tisa yalipangwa kwenye majani ya bustani ya Léonce, pua zote zikitazama ziwa, boneti zote juu. Ndiyo desturi ya wapenda magari ya zamani wa Bujumbura: ukifika, kabla hujapewa hata soda, unafungua boneti na kuwaacha wenzako waingize vichwa vyao. Anayefunga lake huulizwa anaficha nini.

Inspekta Révérien hakuwa mpenzi wa magari ya zamani. La kwake lilikuwa la zamani bila yeye kupenda. Alipanda hadi mtaa wa Kiriri, mlimani, Jumapili hiyo ya Agosti 2004 kwa sababu mtu alimpigia simu kusema kwamba Peugeot 404 nyeupe ingeonekana pale, na alikuwa ameitafuta 404 nyeupe tangu mwezi wa sita.

"Ile pale," alisema Ilias.

Ilias alikuwa fundi wa magari wa mtaa wa Buyenzi. Alivaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumapili kwa heshima ya majumba ya Kiriri, lakini kucha zake zilikuwa zile zile za gereji. Alipoliona gari akasimama. Kaka yake Shaabani alikuwa na 404 nyeupe. Alfajiri ya Jumapili, tarehe kumi na nne Mei mwaka 2000, Shaabani aliondoka nayo Buyenzi pamoja na binti yake Houda, miaka kumi na miwili, na mwanawe Ilyasi, aliyepewa jina la ami yake Ilias, miaka tisa, kwenda kwenye mkutano kama huu uliofanyika Rumonge. Hawakufika, na hawakurudi. Halikupatikana gari, haikupatikana maiti, hakikupatikana hata kiatu.

Mkewe Assia alibaki nyumbani siku hiyo kwa kuwa alikuwa bado kwenye arobaini ya mtoto mchanga. Mtoto sasa alikuwa na miaka minne. Mtaani walisema Shaabani ameonekana Kigoma na mwanamke mwingine. Watu wa mtaani huona mbali sana inapofika Kigoma. Mwezi wa sita Assia aliingia ofisini kwa Révérien, akakaa bila kukaribishwa, akasema, "Sikuombi unirudishie mutu. Nataka uniambie mi ni nani. Kama nimeachwa, nijue. Kama ni mujane, nijue. Miaka ine sivai nguo za eda, sivai za kuolewa." Révérien alikuwa amesikia mengi ofisini humo, lakini maneno hayo yalimkosesha usingizi.

Mwenye 404 aliitwa Honoré, mfanyabiashara aliyetoka Uvira, na alipooneshwa kadi ya polisi alianza kutoa karatasi kabla ya kuulizwa.

"Niliinunua Bukavu, chef. Karatasi zote ziko. Hii ya ushuru wa douane, hii ya mutu aliniuzisha..."

"Tulia. Fundi aiangalie tu."

Ilias alikunja kanzu, akalala chali chini ya usukani. Alikaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Si yenyewe. Kaka alipasua hapa chini, akaweka radio. Hii haijaguswa tangu itoke kiwandani."

Honoré akashusha pumzi, akawapa soda wasiyoiomba.

Kwa mpelelezi mwingine safari ingeishia hapo. Révérien alikwenda kukaa kwenye ukingo wa ukuta, akafungua faili lake jembamba. Ndani mlikuwa na kipande cha kitenge katika bahasha na maelezo ya watu watano waliokuwa kwenye msafara ule wa Rumonge, yaliyoandikwa mwaka 2000 na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Wote watano walisema jambo moja: mtoto alitapika, Shaabani akageuza gari kwenye kizuizi cha kutokea mjini, akarudi Bujumbura. Walisema kwa maneno yale yale. Révérien alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na hakuwa amewahi kuona hata mume na mke wakieleza chakula cha jana namna moja.

Akamwita Léonce, mwenye nyumba na kiongozi wa wapenda magari hao, mzee mnene mwenye sauti ya kanisani.

"Mzee Léonce, mwaka ule ulikuwa wa ngapi kwenye mstari?"

"Wa kwanza. Mi ndiye naongoza, siku zote."

"Na Shaabani?"

"Wa mwisho. Fundi ndiye anafunga musafara. Ni sheria yetu. Mwenye ameharibikiwa anasimama, fundi anamukuta, wengine wanaendelea."

"Kwa hiyo wewe wa kwanza ulimwona wa mwisho akigeuza gari?"

Léonce aligeuka kutazama mstari wa magari.

"Kweli apana. Sikumuona. Tuliambiwa pale Rumonge."

"Na nani?"

"Télesphore. Ndiye alikuwa mbele yake."

Révérien aliwazungukia watatu wengine, mmoja mmoja, mbali na mwenzake. Kila mmoja alijibu vile vile: sikuona, niliambiwa na Télesphore. Kati ya hao wanne hakuna aliyesema uongo mwaka 2000. Hakuna aliyeulizwa kama aliona kwa macho yake, basi. Mashahidi watano wakawa mmoja, na ikaumiza kufikiri kwamba hesabu hiyo ingefanyika kwa dakika kumi, miaka minne iliyopita.

Télesphore alikuwa chini ya mwavuli, amevaa suti ya kijivu. Alikuwa mkurugenzi wizarani kabla ya kustaafu, na alikuwa bado na namna ile ya kumtazama mtu kana kwamba amekuja kuomba sahihi. Alimpa Révérien mkono. Kwa Ilias aliinamisha kichwa tu.

"Nasikitika kwa kaka yako," alimwambia Ilias. "Kila siku namukumbuka."

"Gari lako ni lipi hapa?" aliuliza Révérien.

"Sikuja nalo. Nilikuja na Toyota ya mutoto wangu. Lile la Kijerumani lilikufa."

"Lile jeusi la mwaka hamsini na tisa, lililoandikwa kwenye faili? Lilikufa lini?"

"Oh, zamani. Mwaka ule ule, nadhani."

"Injini?"

"Injini, ndiyo."

"Fundi gani alikuambia ni injini?"

Télesphore alinyoosha tai yake iliyokuwa imenyooka. "Hakuna. Mutu anajua gari yake."

Révérien alimshukuru, akamvuta Ilias hadi kwenye lango.

"Huyu alikuwa anakuja Buyenzi?"

"Kila wiki! Hata kama taa moja inapepesa, anakuja, anakaa kwenye tairi, anatuangalia. Kushika hashiki kitu, mikono ni ya bureau, ya kushika kalamu. Lakini gari ile aliipenda kuliko bibi yake."

"Na tangu kaka yako apotee?"

Ilias alifikiri. Révérien aliona uso wake ukibadilika polepole.

"Hajarudi. Wala kwetu, wala kwa mwingine. Ningelisikia. Buyenzi yote ingelisikia."

"Mtu anaipenda gari hivyo, inaharibika, miaka minne haioneshi fundi hata mmoja. Gari ina kitu ambacho fundi akifungua atakiona, Ilias. Na mafundi wote wa mji huu wametoka mtaa mmoja."

Nyumba ya Télesphore ilikuwa Kigobe, nyuma ya ua mrefu wa mimea ya miyenzi. Walifika kabla yake, wakafunguliwa na mkewe, Esperance, mwanamke mwembamba mwenye rozari mkononi. Révérien alimwambia wanataka kuona gari jeusi. Mama huyo hakushangaa. Alionekana kama mtu ambaye amesubiri kengele ile kwa muda mrefu na sasa amechoka hata kuogopa.

"Funguo anavaa shingoni," alisema. "Anaoga nayo. Mi sijaingia mule gereji tangu gari irudi."

"Na yeye huingia?"

"Anasimama mulangoni. Anasikiliza. Namuuliza anasikiliza nini, ananiambia panya." Alisogeza punje moja ya rozari. "Panya hawagongi."

Toyota ikaingia. Télesphore aliwaona, akabaki ameketi kwenye usukani muda kidogo kabla ya kushuka.

"Una mandat ya kupekua, inspecteur?"

"Sina. Naweza kwenda kwa procureur, mwendesha mashtaka, nikaileta kesho. Usiku huu polisi wawili watalala mlangoni pa gereji, na majirani watauliza. Au unafungua sasa, mbele ya mama, na ninaandika kwamba ulifungua mwenyewe."

Ni Esperance aliyekata shauri. Alimsogelea mumewe, akaingiza mkono kwenye kola yake, akaivuta ile kamba, na Télesphore akamwachia kama mtoto anayevuliwa shati.

Ndani mlinuka mpira mkavu na vumbi. Révérien alivuta turubai. Gari lilikuwa limesimama vile vile lilivyoingia, matope ya barabara ya kusini yamekauka kwenye magurudumu, tairi zote nne zimeshuka. Ilias alisema bismillahi kwa sauti ya chini, akafungua boneti.

Hakuhitaji kutafuta. Mpira mnene wa maji unaotoka kwenye rejeta ulikuwa umefungwa mahali ulipopasuka: kamba ya tyubu ya baiskeli imezungushwa, na juu yake waya mwembamba uliosokotwa ncha. Ilias aliugusa waya kwa kidole, akakitoa haraka.

"Kaka alikuwa wa mukono wa kushoto," alisema. "Sisi wote tunasokota waya huku. Yeye anasokota kule. Ukitaka kuifungua unapotea, tulikuwa tunamucheka." Alikuwa analia na hakujaribu kuficha. "Hii ni yake, chef. Wallahi ni yake."

"Bila shaka ni yake!" Télesphore alipata sauti. "Alikuwa fundi wangu. Alifunga vitu ishirini kwenye gari hii. Mwezi wa pili, mwezi wa tatu, nitakumbuka wapi?"

Révérien alikubali kwa kichwa. Neno lilikuwa la haki, na alilitarajia. Aliandika kwenye daftari mahali mpira ulipo, rangi ya waya, upande wa msokoto. Akamwomba Esperance asogee aone. Ndipo akamwambia Ilias afungue. Ilias alisokotoa waya kwa koleo, akautoa mpira wa baiskeli mzunguko kwa mzunguko. Chini yake mlikuwa na kitambaa. Mikunjo ya nje ilikuwa nyeusi kwa kutu na mafuta, ya ndani ilibaki safi: manjano, yenye ndege wa bluu.

Révérien alitoa bahasha kwenye faili, akaweka kile kipande cha kitenge kwenye ukingo wa gari. Manjano, ndege wa bluu.

"Hiki alinipa Assia, ili tukikuta nguo tuzitambue," alisema. "Alinunua pièce moja ya kitenge kwa ajili ya safari ile. Akashona shati la baba, shati la Ilyasi, gauni la Houda na kilemba chake, wote wavae sare kwenye mkutano. Alimaliza alfajiri ile. Kifungo cha mwisho alikishona huku Shaabani akiwa tayari kwenye usukani, injini inanguruma. Kabla ya siku hiyo kitenge hiki hakikuwahi kutoka mlangoni kwake. Na kwenye maelezo yako ulisema kwamba mliachana kwenye kizuizi, na kwamba hukusimama popote hadi Rumonge."

Esperance aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Sema," alimwambia mumewe. "Télesphore, sema nilale."

Alisema akiwa amesimama, akitazama mpira uliopasuka badala ya kuwatazama wao.

"Ni baada ya Magara, pale barabara inashuka karibu na maji. Mvuke ukatoka. Shaabani akasimama nyuma yangu, kama sheria. Alikuwa anacheka. Musichana alivua kilemba mwenyewe, akasema papa, chukua hii. Walifanya kazi nusu saa. Mutoto mwanaume alikuwa anachota maji ziwani na bidon. Halafu Shaabani ananiambia, patron, washa tuone kama inavuja. Nikaingia, nikawasha. Haikuvuja. Yeye anakusanya vyombo vyake." Alifuta uso kwa tai yake. "Wakaanza kupiga risasi kutoka juu kwenye michikichi."

"Nani?"

"Sijui. Sikuona mutu. Mwaka ule wa vita mutu alikuwa anajua nani anapiga? Injini yangu ilikuwa inazunguka. Yake imezimwa, capot ya injini iko wazi, alitoa waya humo, funguo ziko mufukoni yake. Musichana alikimbia kwangu. Alishika mulango wa nyuma. Ulikuwa umefungwa na loke." Alivuta pumzi mara mbili. "Alipiga kioo mara tatu. Si kwa nguvu. Kama wanavyopiga hodi wakiwa wamefundishwa adabu. Nikaenda."

Ilias alitoka nje.

"Na Rumonge ukasema wamegeuza," alisema Révérien.

"Wote walikuwa wananingojea. Léonce akaniuliza, fundi iko wapi? Ningesema nini? Alisimama kwa ajili yangu, nimemuacha na watoto? Neno likatoka tu. Halafu wengine wakalirudilia, na polisi wakaliandika, na likawa kweli."

Révérien alikuwa amejiandaa kumchukia na akamchukia, lakini kilichomwasha zaidi kilikuwa kile kitenzi, likawa kweli. Kwa neno lile polisi waliitafuta 404 mjini na Uvira. Hakuna aliyekwenda kusini. Polisi wa mji mzima wangeweza kupita Magara na wasiulize.

Jumatatu saa mbili asubuhi walikuwa huko, Télesphore amekaa nyuma ya pick-up ya polisi katikati ya askari wawili. Aliwaonesha bila kukosea. Mwili wake uliijua kona ile kabla ya macho. Mkulima mmoja aitwaye Callixte alitoka kwenye mihogo kuona polisi wanataka nini. Révérien alimuuliza kwa Kirundi, na Callixte hakuzunguka. Gari lilichomwa, chuma chake kilibebwa kidogo kidogo na watu. Wale watatu waliwazika yeye na marehemu kaka yake, usiku wa pili, juu kidogo ya barabara, kwa sababu ya mbwa. Aliweka mawe ili jembe lisipite.

"Kwa nini hukusema kwa mtu?" aliuliza Révérien.

"Hakuna aliyekuja kuuliza," alisema Callixte.

Kaburi la katikati lilikuwa fupi, na la kando lilikuwa refu kidogo tu kuliko hilo. Ilias alivua viatu, akasimama mbele ya mawe yale, akaswali peke yake huku askari wakivua kofia bila kuamriwa.

Walifika Buyenzi baada ya alasiri. Assia alikuwa kwenye cherehani barazani, nguo za wateja zimerundikana kwenye mkeka. Alimwona Ilias na miguu yake ya matope, akaliacha gurudumu lizunguke hadi likasimama lenyewe. Révérien alikuwa amepanga maneno njiani kote. Yote yalimtoka.

"Shaabani alikufa, mama. Yeye na watoto. Siku ile ile, njiani. Hakwenda Kigoma, hakuacha mtu. Alisimama kumtengenezea mtu gari. Tumeona makaburi."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema Assia. Alisema taratibu, neno kwa neno. Kisha: "Niambie yote. Usiniruke kitu kwa sababu mi ni mama."

Alimwambia yote. Alipofika kwenye kioo alitaka kuruka, Assia akamtazama, naye hakuruka. Assia aliuma ncha ya mtandio wake. Ilias alipiga magoti mbele yake.

"Shemeji, nimepita kwa shehe. Amesema eda inahesabiwa tangu siku mutu amekufa, si siku umesikia. Yako ilikwisha zamani, mwaka ule ule. Hudaiwi kitu. We ni huru."

"Shehe amesema vizuri. Mungu amulipe."

Akaanza kukunja nguo za wateja, moja juu ya nyingine, kila moja na kipande chake cha karatasi chenye jina.

"Lakini ile miaka ine nilikuwa namutukana, Ilias," alisema. "Kila usiku. Nikilaza huyu mutoto, namulaani baba yake. Sikumulilia hata siku moja, wala wale watoto sikuwalilia, nilisema wanakula samaki Kigoma kwa mama mwingine, wamenisahau. Ile haihesabiwi kuwa eda. Ile sitaki mutu anihesabie."

Alivua pete ndogo ya sikio la kulia, kisha ya kushoto, akaziweka kwenye kisanduku cha sindano.

"Enda kwa Sikuzani, mushonaji mwenzangu, umwambie aje achukue vitambaa vya watu awashonee. Mi naanza eda yangu leo, sitoki tena hapa mpaka mwezi wa kumi na mbili uishe."

Aliinuka, akaingia ndani, akashusha pazia la mlango. Révérien alibaki barazani na kofia mkononi mpaka kilio cha kwanza kilipotoka, ndipo akajua kazi yake pale imekwisha na anaweza kwenda.